Wishboni za mbele za pikipiki ya theluji: ni dhaifu, au zimepimwa hivyo makusudi?

MtuWaBaridi (Alberta, Kanada)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tuijadili miguu ya mbele ya pikipiki ya theluji, hasa wishboni, ile mikono ya bomba inayounganisha ski (vitelezi vya mbele) na fremu, maana kila msimu malalamiko ni yaleyale.

Chombo ni cha njiani, injini ya cc 600, upana kati ya ski mbili sentimita 107, kimetembea kilomita 4,100. Wishboni ya chini kulia imekunjika kurudi nyuma baada ya ski kugonga kisiki kilichofukiwa na theluji. Ya juu kwa macho iko sawa, tairodi imepinda kidogo, boljointi haichezi. Bomba la wishboni lina kipenyo cha milimita 25 na ukuta wake haufiki milimita 2. Kwa chombo cha kilo 250 naona ni jembamba mno.

Kuna wishboni za kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdeni) zinauzwa, wauzaji wanasema hazipindi. Je, za kiwandani ni dhaifu? Na nikifunga za kromoli, nimemaliza tatizo?

---

FundiSpindo (Québec)

Mkuu, kabla hujatoa pesa jiulize: wishboni isingekunjika, ile nguvu ya kisiki ingekwenda wapi? Ingepanda kwenye boliti za pivoti, kutoka hapo ingeingia kwenye kichwa cha fremu, ile sehemu ya alumini inayobeba wishboni zote na mauntingi za shokapu. Wishboni unaibadilisha kwa spana za kawaida ndani ya saa moja au mbili. Kichwa cha fremu kikipasuka, unashusha injini, unatoa usukani, unatoboa ribeti moja baada ya nyingine, na mara nyingi kampuni ya bima inaona heri ikulipe thamani ya chombo kuliko kulipia matengenezo.

Ndiyo maana mafundi huita wishboni fyuzi. Kuna ngazi: ski na tairodi ziumie kwanza, kisha wishboni, kisha boliti, na fremu iwe ya mwisho kabisa. Mhandisi akiiongezea wishboni unene, ni lazima aongeze na kila kilicho nyuma yake, na uzito unapanda wote mbele, mahali ambapo mwendeshaji anautaka uwe mdogo zaidi.

Tupige hesabu. Pikipiki kilo 250, petroli lita 40 ni karibu kilo 30, mwendeshaji na mavazi yake kilo 90. Jumla kilo 370. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mzigo huo una nishati ya kilojuli 36 hivi. Kwa kilomita 70 ni kilojuli 70. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 40, lakini cha kumezwa kimekaribia mara mbili. Ontario sheria inaweka 50 kwenye njia za pikipiki hizi, Sweden ni 70. Kwa wishboni, hizo ni dunia mbili tofauti.

Si jambo jipya pia. Ski za zamani zilifungwa chini ya springi za bamba. Kampuni ya Polaris ilipoleta pikipiki yake ya TX-L Indy ya mwaka 1980, kila ski ikapata mguu wake wa kujitegemea, na vile vijiti vya pembeni vilivyoshika mguu vilikuwa vinapinda kwenye visiki kama wishboni za leo. Walioendesha Indy walivizoea hivyo.

---

Kiruna_Skuta (Norrbotten, Sweden)

Fundi, nakubaliana nawe nusu. Neno fyuzi limegeuzwa blanketi la kufunikia kila ubovu. Fyuzi ikiungua kwa sababu umewasha taa tu, hiyo ni fyuzi mbaya. Kwa hiyo cha kwanza ni kuangalia imeharibika namna gani, ndipo tuseme ni dhaifu au la.

Iliyopinda kwa mkunjo laini, rangi imepasuka vipande vidogo upande uliovutwa na bomba limebonyea upande wa ndani ya mkunjo, hiyo imepigwa kipigo kimoja kikubwa. Imefanya kazi yake. Iliyokatika ni kesi nyingine. Chukua tochi, safisha uso wa mkatiko, uangalie kwa lenzi. Ukiona sehemu moja ina rangi ya kahawia au nyeusi, laini, yenye mistari kama mawimbi yaliyoachwa na maji ufukweni, na sehemu nyingine inang'aa yenye chembechembe, basi ule ufa ulikuwepo siku nyingi. Maji ya chumvi na kutu viliingia, ufa ukatembea milimita baada ya milimita, mwisho kile kipande kilichobaki kikakatika kwa mara moja. Mwendeshaji atasema aligonga kituta kidogo tu, na atakuwa anasema kweli.

Mikatiko ya namna hiyo huanzia sehemu mbili. Ya kwanza ni pembeni mwa chomeo la kikombe cha boljointi. Ya pili ni penye kibano cha mauntingi ya shokapu kwenye wishboni ya chini. Ukikuta pikipiki za toleo moja zinakatika hapohapo, kushoto na kulia, bila kugonga kitu, huo ni udhaifu wa usanifu au wa uchomeleaji na mwenye chombo ana haki ya kudai. Piga picha uso wa mkatiko kabla hujaupaka grisi au mafuta, na usiunganishe vipande viwili kujaribu kama vinakutana. Ukivisugua umefuta ushahidi wako.

Kwa wanaovuta magogo na mizigo msituni, wishboni si jibu pekee. Skuta nyingi za kazi, yaani pikipiki za theluji zenye mkanda mpana wa mpira unaozisukuma, zina miguu ya teleskopu: bomba moja nene limesimama juu ya ski, springi ndani, hakuna mikono ya pembeni ya kunasa kisiki. Safari yake ni fupi, karibu milimita 150, na kwenye njia yenye mawimbi itakuchosha mgongo. Lakini msituni inadumu.

---

DadaSpana (Minnesota)

Kaka MtuWaBaridi, kabla ya bomba kulaumiwa, tuambie hali ya shokapu. Wishboni ya chini inapokea nguvu za aina mbili: kutoka mbele, kisiki kinaisukuma nyuma, na kutoka chini, ardhi inaipandisha juu. Hiyo ya pili inatakiwa imalizwe na shokapu. Gesi ikivuja au springi ikiwa imelegezwa mno, shokapu inafika mwisho wa safari na kugonga chuma kwa chuma. Ikishafika hapo, wishboni inakuwa nguzo iliyobanwa kati ya ardhi na fremu.

Pima hivi. Funga kijifungo cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu, kiguse sili, kisha endesha kilomita 10 za njia yako ya kawaida. Kikisukumwa hadi kwenye mpira wa mwisho, na mpira wenyewe umebonyea, unafika mwisho kila safari. Halafu pima mlalo, yaani mbele inashuka kiasi gani chini ya uzito: inua bampa ya mbele mpaka ski zikaribie kuachia ardhi, pima kimo cha bampa. Iachie, tikisa mara mbili tatu, mwendeshaji akae na nguo zake zote, pima tena. Kwa mguu wenye safari ya milimita 230 hivi, tofauti ya milimita 25 hadi 40 ni ya kuridhisha. Ikipita 50, kaza springi kidogo kidogo, kushoto na kulia idadi sawa ya mizunguko, pima upya.

Na usisahau strepu ya kizuizi ndani ya mkanda wa mpira, ile inayozuia mbele ya miguu ya nyuma isishuke mno. Wengi wanaikaza ili ski zikamate barabara vizuri kwenye kona. Kila tundu unaloikaza linahamishia uzito kwenye ski, yaani kwenye hizohizo wishboni tunazozilalamikia. Usukani ukiwa mzito kama wa lori, anzia kwenye strepu.

Upana nao: wanaotoka sentimita 91 kwenda 107 wanaongeza sentimita 8 kila upande. Mkono mrefu ni wenzo mrefu. Chombo hakibinuki ovyo, ila kila kipigo kwenye ski kinaikamua pivoti zaidi.

---

MtuWaBaridi

Asante dada. Nimeangalia. Shokapu ya kulia mpira wake wa mwisho umebonyea na una ufa, wa kushoto uko mzima. Fimbo ya kulia ina mafuta. Mlalo umetoka milimita 58. Strepu iko tundu la kati.

---

DadaSpana

Basi umepata nusu ya jibu. Hata ukifunga wishboni nene kama nguzo ya daraja, kwa shokapu hiyo utaivunja au utavunja kinachoishikilia. Shokapu ya kujazwa ipelekwe kwa mwenye mtungi wa naitrojeni: sili mpya, mafuta mapya, gesi kwa kipimo cha kitabu chake. Isiyofunguka, nunua mpya. Na zifanyiwe zote mbili. Shokapu nzima upande mmoja na iliyokufa upande mwingine zitakufanya uwe unapigana na usukani.

---

Mchomeleaji (Edmonton)

Niongezee kwenye kromoli, maana hapo watu wanauziwa ndoto.

Kromoli 4130 si chuma kizito wala chepesi kuliko cha kawaida. Uzito wa ujazo ni ule ule, na unyumbukaji wake ni ule ule kabla ya kupinda moja kwa moja. Tofauti ni kiwango cha nguvu kinachohitajika ili kipinde na kisirudi. Kwa hiyo mtengenezaji ana njia mbili: abakize ukuta ule ule apate mkono usiopinda kirahisi, au apunguze ukuta apate mkono mwepesi wenye nguvu sawa na wa kiwandani. Nyingi za wanaopanda milima kwa pikipiki hizi ni za aina ya pili. Muulize muuzaji unene wa ukuta kwa milimita. Asipoujua, usinunue kwa sifa ya jina la chuma.

Kama unataka nguvu bila kuongeza uzito mwingi, kipenyo kina faida kuliko ukuta. Bomba la milimita 28.6 badala ya 25.4, ukuta uleule, linastahimili mkunjo zaidi kwa karibu asilimia 30, na uzito unaongezeka kama asilimia 13 tu.

Ubaya wa kromoli uko kwenye kuchomelea. Ikipoa haraka, ule ukanda wa pembeni mwa chomeo unakuwa mgumu na mkavu kama kigae. Karakana yenye baridi ya nyuzi chini ya sifuri ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Bomba lipashwe joto lifike angalau la chumba, lisiwe na unyevu, likishachomelewa liachwe lipoe lenyewe mbali na mlango. Anayelichovya kwenye theluji lipoe upesi analiua.

Hapo ndipo baridi inapohusika. Chuma cha kawaida kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri kinapoteza uvumilivu wake. Kipigo ambacho mwezi wa Aprili kingekipinda, mwezi wa Januari kinaweza kukipasua, hasa kama tayari kuna ufa au chomeo baya. Alumini haina tabia hiyo, baridi haiifanyi kuwa kavu. Ila alumini ina lake: haina kikomo cha uchovu, yaani hakuna mzigo mdogo kiasi kwamba haiichoshi kamwe. Mitetemo midogo midogo inajumlika miaka yote, na ikishapinda usiinyooshe. Wishboni au spindo (kiungo kinachoshika ski kwenye wishboni) ya alumini iliyonyooshwa kwa nyundo ina nyufa usizoziona, tupa.

Ya chuma ikipinda kidogo inaweza kunyooka, lakini bomba likishabonyea ndani ya mkunjo limepoteza umbo lililokuwa linalipa nguvu. Litapinda palepale tena kwa kipigo kidogo kuliko cha kwanza. Iwe ya kukufikisha nyumbani tu.

---

Kiruna_Skuta

Hapo kwenye nyufa, kuna dawa nyekundu ya makopo matatu ambayo kila gereji ya pikipiki hizi inapaswa kuwa nayo. Safisha rangi na grisi kwa kisafishio cha breki, acha pakauke. Puliza nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20. Futa kwa kitambaa chenye kisafishio, usimwagie moja kwa moja maana utaiosha iliyoingia ndani ya ufa. Puliza nyeupe nyembamba. Ufa utajichora wenyewe, mstari mwekundu mwembamba kama unywele juu ya unga mweupe. Fanya ndani, chuma kikiwa na joto la chumba. Nje kwenye baridi dawa haiingii ufani na utadanganyika.

---

FundiSpindo

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu wishboni nyingi mpya zinaharibika mapema kutokana na ufungaji.

Inua mbele kwa stendi chini ya kichwa cha fremu, si chini ya sahani ya plastiki. Toa ski, toa tairodi endi kwenye spindo, toa linki ya stabilaiza, kisha boliti ya chini ya shokapu. Boljointi itoe kwa kivutio. Usipige spindo ya alumini kwa nyundo. Mwisho ni boliti za pivoti. Zikitoka kwa shida usilazimishe. Zungusha huku unavuta, maana boliti iliyopinda kidogo inakwangua tundu likawa na umbo la yai.

Ingiza boliti mpya kwenye tundu la fremu kabla hujafunga wishboni, itikise kwa vidole. Ikicheza, tundu limeshaliwa, na wishboni yoyote utakayofunga itatembeatembea. Na usibadilishe boliti ya daraja la nguvu la 8.8 kwa ya 12.9 kwa kudhani unaimarisha. Ile ya kiwandani imo kwenye ngazi niliyoisema, umepanga upya nani aumie kwanza.

Kwa mafundi waliozoea magari: kwenye Noah au Corolla, bushi ya mpira inakazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mpira unajinyonga. Kwenye pikipiki nyingi za theluji bushi ni ya plastiki ngumu na ndani yake kuna bomba la chuma linalobanwa na boliti, plastiki inazunguka juu yake. Kwa hiyo unakaza mguu ukiwa unaning'inia, hakuna shida. Ukishakaza kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu, inua wishboni kwa mkono uiachie kabla hujafunga shokapu. Ishuke yenyewe polepole. Ikigoma, bomba la ndani ni fupi kuliko bushi na umebana plastiki. Ikidondoka na kugongagonga, bushi imekwisha. Nati za nailoni ni za kutumika mara 1, weka mpya. Grisi iwe sintetiki ya kuhimili nyuzi 40 chini ya sifuri, isukume mpaka ile ya zamani yenye maji itoke.

Kisha alaimenti. Weka usukani katikati, laza ubao mrefu ulionyooka ubavuni mwa mkanda wa mpira ufike hadi kwenye ski. Zungushia kamba ya mpira kwenye pua za ski zote mbili ili mchezo wote wa tairodi uvutwe upande mmoja. Pima kati ya ncha za kabaidi (vyuma vigumu vilivyo chini ya ski) mbele, pima na nyuma. Mbele pawe pamefunguka zaidi ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Ikizidi hapo kabaidi inaliwa na usukani unakuwa mzito. Ikijifunga ndani, pikipiki inayumba kama mlevi kwenye mwendo.

Ukimaliza, pima kutoka boliti ya ski hadi boliti moja isiyohama nyuma ya ubao wa kukanyagia, upande wa kulia na wa kushoto. Tofauti ikipita milimita 5 wakati wishboni ni mpya, kilichopinda hakijatoka bado: ni spindo, au ni fremu.

---

MtuWaBaridi

Fundi, nimetoa wishboni ya zamani. Boliti ya pivoti ya nyuma imetoka vizuri, tundu halichezi. Lakini ribeti 4 za kichwa cha fremu upande wa kulia zina duara jeusi kuzunguka vichwa vyake, kama masizi. Nikifuta linatoka. Upande wa kushoto hakuna. Ni uchafu wa mkanda wa klachi?

---

FundiSpindo

Hapana mkuu. Ule weusi ni unga wa alumini iliyosagika. Ribeti zimelegea, bamba mbili zinasuguana kila ski inapopanda. Zifute zote, piga mstari wa kalamu ya rangi uanzie kwenye kichwa cha ribeti uingie kwenye bamba, halafu mtu atikise ski juu na chini huku umeweka kidole penye maungio. Utausikia mtikisiko hata kama jicho halioni.

Hapa ndipo nashikilia msimamo wangu: kwa chombo hiki usifunge kromoli nene. Fremu imeshaanza kupokea. Weka wishboni ya kiwandani, shokapu zote mbili zifanyiwe kazi, na hizo ribeti 4 zitobolewe. Matundu yakikutwa mazima, weka ribeti za kimuundo za kipenyo kilekile. Yakikutwa yamepanuka, panda kipimo kimoja. Ribeti za kawaida za duka la mabati hazifai. Kabla ya kupiga, puliza ile dawa nyekundu kuzunguka kila tundu.

---

Kiruna_Skuta

Naunga mkono, na hapa sina ubishi na fundi. Ila ongeza bamba la kuimarisha kwa ndani kama toleo lako lina linalouzwa, lile linalounganisha pivoti ya mbele na ya nyuma. Hilo ni tofauti na kuimarisha wishboni, kwa sababu linasambaza mzigo kwenye ribeti nyingi na fyuzi inabaki palepale.

---

MtuWaBaridi

Nimeelewa wakuu. Ribeti 2 kati ya 4 tundu lake limepanuka kwa karibu nusu milimita, na tundu moja lina ufa wa milimita 4 unaoelekea kwenye ukingo wa bamba. Nafanyaje na huo ufa?

---

Mchomeleaji

Usiuchomelee. Alumini ya fremu hiyo imepewa ugumu wake kiwandani kwa joto, ukipitisha moto hapo umeilainisha na ribeti za jirani zitafuata. Tafuta mwisho kabisa wa ufa kwa ile dawa, toboa tundu la milimita 3 mwishoni hapo ili usiendelee, safisha kingo zake. Kisha bamba la alumini la milimita 2 juu yake, lipite ufa kwa angalau sentimita 3 kila upande unaopatikana, lishikwe na gundi ya kimuundo pamoja na ribeti. Upande wa ukingo, ambako nafasi ni ndogo, likunje lishuke na ukingo. Gundi ipate joto la chumba kwa muda ulioandikwa kwenye kopo kabla chombo hakijaguswa.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, fungua kifuniko cha pembeni uangalie ile mistari ya kalamu.